Nilifika Kisiwani, Bahari Haikuwepo

Mpendwa mshauri Mama Rabia, naomba msaada, tena naomba usome mzigo wangu huu mpaka mwisho kabla hujaanza kucheka, maana najua utacheka, hata mimi ninavyoandika hapa nacheka na huku moyo unanidunda, kwa sababu zimebaki wiki tatu tu tusafiri na wanawake kumi na wanne wananitegemea mimi, na mimi ni mwongo.

Mimi ni mkulima wa hapa Mbekenyera, korosho na ufuta, nina miaka arobaini na saba, na mume wangu ni Ildefonsi, ndoa yetu ya kanisani mwaka jana ilitimiza miaka ishirini na mitano. Tangu nimeolewa, ukutani kwetu kuna picha ya kalenda, miezi yake tulishaikata zamani tukawashia moto, lakini picha nilikataa isitupwe, ni picha ya kisiwa, mchanga mweupe kama unga wa muhogo, maji ya buluu yamejaa mpaka kwenye shina la mnazi, na mtu mmoja amesimama ndani ya maji mpaka kifuani anacheka. Siku za mwanzo za ndoa nilimwambia mume wangu, kwa kujisemea tu, kwamba siku moja na mimi nitasimama pale aliposimama yule, kisha nikazaa, nikalima, nikasahau. Yeye hakusahau! Mwaka jana mwezi wa tisa, ufuta tumeshauza, korosho hazijaanza kudondoka, tumetoka kwenye misa ya jubilei yetu na watu wanatupongeza pale nje, mume wangu, mtu ambaye kwa siku hasemi maneno ishirini, akasema mbele ya watu wote, "Mama Jastin, kafungashe, tunakwenda kisiwani." Nilijipigia vigelegele mwenyewe, watu wakacheka, sikujali hata kidogo.

Tulipanda basi Ruangwa mpaka Dar es Salaam, kesho yake tukapanda boti kwenda Unguja, na ndani ya boti mimi niliinamia mfuko wa kutapikia mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo usiniulize bahari ya njiani ikoje, sikuiona. Tukachukua gari mpaka upande wa mashariki, tukafika giza limeshaingia, tukapata chumba kwenye nyumba ya mama mmoja mkarimu, nyuma kidogo ya ufukwe. Sikulala. Asubuhi nikavaa gauni langu jipya, tukanywa chai, nikaosha vikombe ingawa mwenye nyumba alinikataza, na saa tatu na nusu tukateremka ufukweni tumeshikana mikono, jambo ambalo hatukulifanya hata siku ya harusi. Tukafika. Bahari haikuwepo.

Nasema haikuwepo, Mama Rabia, sitanii. Kulikuwa na mchanga, na madimbwi, na mitumbwi imelala ubavu kwenye nchi kavu, na huko mbali kabisa, kama kutoka kwangu mpaka shule ya msingi, uzi mwembamba wa buluu. Hapo katikati kulikuwa na wanawake wameinama, wamechomeka vijiti kwa mistari, wanafunga majani fulani kwenye kamba, nikauliza nikaambiwa hilo ni zao lao, linaitwa mwani, nikasema moyoni tumetoka shamba tumefika shamba. Mume wangu alisimama akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema, "Labda kiangazi kimeikausha." Kisha akachota mchanga, akausugua kiganjani, akasema, "Mchanga huu haufai hata muhogo."

Tuliufuata ule uzi, mimi nimeinua gauni nisiloane wakati hakuna cha kunilowesha, tukatembea mpaka miguu ikachoka, uzi uko palepale. Mikono ikaniwasha, nikainama nikawasaidia wale wanawake kufunga mwani wao, tukapiga soga, ilipokaribia saa sita wakakusanya vitu vyao wakaondoka mbiombio, nikajua wanawahi kupika, na sisi njaa imetushika, tukawafuata. Njiani mume wangu akaniuliza, "Umefurahi?" Nikasema nimefurahi sana, Baba Jastin. Akasema, "Kweli?" Nikasema kweli kabisa. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na nikikumbuka alivyouliza natamani ardhi inimeze.

Mchana tukapelekwa kuona shamba la viungo, mbali, pamoja na Wazungu wawili watatu, na hapo Mama Rabia ndipo nilipofurahi kweli, maana yule mtembezaji alitusimamisha chini ya mti akasema, "Ndugu wageni, huu ndio mkorosho," mimi na mume wangu tukaangaliana, tumetoka Mbekenyera kwa basi, boti na gari kuja kuonyeshwa mkorosho! Halafu akasema korosho inakaa ndani ya bibo, lile tunda lake, kama kokwa. Mume wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani mwalimu, si ndani. Inaning'inia chini yake, nje." Akaanza, akaeleza ua, akaeleza bibo, akaeleza mafuta ya ganda yanavyobabua midomo ya mtu mwenye haraka, akaeleza kubangua, nusu saa nzima, Wazungu wanapiga makofi, yule mtembezaji anaandika kwenye simu yake. Sijawahi kumwona mume wangu anang'aa vile.

Siku ya pili asubuhi tukarudi ufukweni, saa nne, hakuna kitu, mchanga uleule. Mchana tukakata tamaa, yeye akalala, mimi nikafua nguo zetu uani, na jioni nikasikia nyuma ya nyumba ngurumo kama ya mashine ya kusaga na watoto wanapiga kelele za furaha, nikajua kijiji hiki nacho kina mashine na watoto wametoka shule, nikaanika nguo nikaingia ndani. Siku ya tatu alfajiri na mapema tukaondoka. Nililia kwenye gari, nikasema ni vumbi.

Sasa kosa langu lilipo. Tulipofika nyumbani wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja kutupokea kwa nyimbo, na wanaume wakamzunguka mume wangu wakimwita mwanaume wa shoka, amemjali mke, mfano wa kuigwa, na yeye amesimama na begi mkononi hajui aangalie wapi, na Dionisia ambaye ni mwenyekiti wetu akaniuliza, "Haya sema, bahari ikoje?" Mama Rabia, ningesemaje pale? Nikasema maji yalinifika hapa, nikaonyesha kifua, nikasema samaki wa rangi walinizunguka miguuni wakanitekenya, nikasema chumvi niliionja, kila nikisema vigelegele vinazidi na mimi napanda, na mume wangu ananiangalia tu. Tangu siku hiyo naitwa Mama Kisiwa.

Na mwaka huu jumuiya nzima imeamua kwenda! Wanawake kumi na wanne, mimi kiongozi wa msafara, sare za kitenge zimeshashonwa, za buluu ya bahari. Na kwa kuwa nilisema nimeogelea, kila Jumamosi baada ya sala nawafundisha kuogelea uwanjani pale kigangoni, nje ya kanisa letu, kwenye mikeka. Nawalaza kifudifudi, nawaambia piga teke, vuta, piga teke, geuza shingo upumue, vumbi linatimka, tunacheka mpaka machozi. Anayejua kuliko wote ni Bibi Scholastika, ana miaka sabini na moja, hajawahi kufika hata Lindi, anakuja wa kwanza na mkeka wake kwapani. Ameniambia, "Mwanangu, na mimi nataka yanifike hapa," akashika kifua.

Nikwambie siri, sijawahi kuwa na furaha kama miezi hii, na ndiyo maana nashindwa kusema. Nikisema ukweli, mume wangu anakuwa yule mwanaume aliyempeleka mkewe mahali pasipokuwa na bahari, watamcheka kwenye kila kijiwe mpaka azeeke, na yeye alinipa zawadi kwa moyo wote. Nisiposema, wanawake kumi na wanne watashuka na sare zao wakute matope. Nimefikiria kuugua siku ya safari. Nimefikiria kuwaambia bahari imehamishwa. Naomba ushauri wako, na kama unajua kisiwa kingine chenye maji ya uhakika, nitajie haraka tubadilishe safari.

Ni mimi, Mama Kisiwa, Mbekenyera. Tafadhali usitaje jina.

*

MAMA RABIA ANAJIBU:

Mama Kisiwa, nimekucheka. Nimecheka mpaka wenzangu hapa ofisini wamekuja kuuliza kuna nini, nikawasomea pale pa "labda kiangazi kimeikausha", na wao wakakaa chini. Jina lako sikulitaja na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa sijui itasaidia nini, maana sidhani kama Wilaya nzima ya Ruangwa ina mwalimu mwingine wa kuogelea kwenye mikeka. Basi, tumeshacheka. Sasa kaa unisikilize, kwa sababu nilipofika kwa Bibi Scholastika kicheko kiliniisha.

Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, kama wewe nimekua na vumbi, lakini niliolewa Lindi mjini na nimeishi na bahari mlangoni miaka kumi na minane. Nikueleze jambo ambalo mtoto wa Lindi wa miaka mitano analijua na ambalo hakuna aliyefikiria kukueleza wewe. Bahari haikauki, mama. Inaondoka na kurudi, mara mbili kila siku, na saa zake zinasogea mbele kidogo kila siku. Ikiondoka watu wa pwani wanasema maji yamekupwa, ikirudi wanasema yamejaa. Na upande ule wa mashariki mlikokwenda, ambako pwani yake imelala tambarare, maji yakipwa yanakwenda mbali kweli, kama ulivyoona.

Ninyi wawili ni wakulima. Mliamka, mkanywa chai, mkaenda asubuhi kama mnavyokwenda shamba, na jua lilipochoma mkarudi kula. Siku zile asubuhi ndiyo ilikuwa zamu ya maji kuondoka. Alasiri yaliporudi, siku ya kwanza mlikuwa mbali mnawafundisha Wazungu habari za korosho, na siku ya pili mumeo amelala na wewe unafua. Ile mashine ya kusaga uliyoisikia jioni ndiyo bahari. Ilikuwa nyuma ya nyumba! Wale watoto walikuwa wanaogelea. Ungevaa kandambili zako ukazunguka ukuta, ungeikuta imejaa kama kwenye kalenda yako, na mimi leo nisingekuwa na barua ya kujibu.

Pole. Nakupa pole ya kweli, maana najua ulivyoisoma aya hiyo umekaa chini. Lakini kisiwa hakikukudanganya. Wewe ndiye uliyekuja kudanganya, na sasa nitakugombeza.

Wale wanawake wa mwani hawakuwa wanawahi kupika. Walikuwa wanawahi maji. Wanajua saa yao, wakiona dalili wanakusanya vitu na kuondoka mbiombio, na wewe ukaokolewa na njaa yako. Mngebaki kule kuufuata uzi wenu wa buluu mngekiona cha moto, kwa sababu maji yanaporudi hayaji mbele yako peke yake ukayaona ukakimbia. Yanapita pembeni, kwenye mabonde ya mchanga, yanakuzunguka kwa nyuma, na ukigeuka, pale ulipopita pakavu muda mfupi uliopita, maji yanakufika kiunoni.

Sasa jione wiki tatu zijazo. Mmefika, maji yamekupwa, wewe kwa aibu unasema, "Twendeni tuifuate, iko pale mbele." Wanawake kumi na wanne wa Mbekenyera wanakufuata katikati ya bahari na sare zao, na Bibi Scholastika yuko mbele ya wote kwa sababu ndiye mwenye hamu kuliko wote. Halafu inarudi. Atafanya nini? Atalala kifudifudi apige teke kama ulivyomfundisha. Wewe mwenyewe hujawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni, na umemfanya bibi wa miaka sabini na moja aamini kwamba anajua kuogelea! Uliniandikia ukidhani unaogopa aibu. Mimi naogopa mazishi. Hapo uongo wako ulishaacha kuchekesha zamani, na nimekasirika, na nataka ujue kwamba nimekasirika.

Tuje kwa mumeo. Unasema unanyamaza ili kumlinda. Unamlinda na nini? Alikuwepo! Aliona mchanga uleule uliouona wewe. Kila unapowasimulia watu habari za samaki waliokutekenya, yeye ndiye mtu pekee kijijini anayejua kwamba zawadi yake haikukufikia, na umemwachia alibebe hilo peke yake mwaka mzima. Alikuuliza, "Kweli?" Mtu asiyesema maneno ishirini kwa siku hawezi kupoteza moja bure. Alikuwa anakuomba umwambie, ili mcheke pamoja, au mlie pamoja, au mkamuulize yule mama mwenye nyumba bahari imekwenda wapi. Swali moja tu lingetosha! Lakini wewe ulitaka aonekane mwanaume wa shoka, na yeye alitaka uonekane mke mwenye furaha, mkarudi nyumbani mmenuniana ndani kwa ndani huku nje mnapigiwa vigelegele.

Basi fanya hivi, na usianze kuniletea sababu. Leo kabla ya chakula cha jioni, mwite Ildefonsi mkae wawili, mwambie hukufurahi ufukweni, ulilia kwenye gari na halikuwa vumbi, na mwambie kwamba pale kwenye mkorosho ulimpenda upya. Mwambie yote mawili kwa pumzi moja. Kisha msomee nilichoandika kuhusu maji kupwa na kujaa. Nadhani atacheka, maana mtu aliyesugua mchanga wa bahari kuona kama unafaa muhogo ana moyo wa kucheka.

Jumamosi hii wanawake wakitandika mikeka, waambie waikunje. Simama mbele yao useme, kwa mdomo wako, "Sikuogelea. Maji yalikuwa yameondoka na mimi sikujua kwamba yanarudi." Fanya hima, kwa sababu gazeti hili litafika Ruangwa na basi, na baada ya siku mbili litakuwa limefungia maandazi Mbekenyera, na Dionisia ana macho. Watakucheka. Wacha wakucheke, watakucheka vizuri, halafu watauliza maswali, na hapo ndipo utakapokuwa kiongozi wa msafara kwa mara ya kwanza, kwa sababu wewe ndiye pekee utakayeweza kuwaeleza kwamba bahari huondoka na kurudi. Jina lao la Mama Kisiwa usilirudishe. Utakuwa umelilipia.

Safari isiahirishwe. Nendeni! Nani amesema msiende? Mmeshona sare, mna hamu, ufuta uko ndani, nendeni mkaone nchi yenu. Lakini mkifika, kabla hata ya kushusha mabegi, muulizeni mwenyeji saa za maji za kila siku, mziandike. Yakiwa yamekupwa, msiende mbali bila mtu wa pale, na wanawake wa mwani wakianza kuondoka na ninyi geukeni. Yakiwa yamejaa, mwisho wenu ni magotini, na asiyejua kuogelea haogelei, yaani ninyi nyote. Bibi Scholastika akitaka yamfike kifuani, akae chini kwenye maji ya kina kifupi, wawili wamshike huku na huku, yatamfika, na atakuwa ameyapata bila kuniua mimi kwa wasiwasi.

Na jambo la mwisho, ambalo Dionisia atalikataa akisema hii ni safari ya kinamama, mwambie Mama Rabia amesema. Chukueni mtu wa kumi na sita, awabebee mabegi kama mnataka kisingizio. Mumeo naye hajaiona bahari ikijaa pale. Alikaa miaka ishirini na mitano akitafuta njia ya kukupa bahari, akaondoka pale akidhani ametoa zawadi ya mchanga. Mpeleke. Kaeni wawili pale ufukweni tangu mapema, bahari ikiwa bado haipo, msiondoke kwenda kula, mngoje mpaka irudi.